Walivyonizimia Mtandao

Watu wa huku Kituntu watakuambia walinihurumia. Ukiuliza habari za Mama Nesto watakusimulia jinsi wazee walivyonikinga na mshtuko, na jinsi kila jambo lilivyofanywa kwa utaratibu wake. Sawa. Na mimi nina mdomo. Nitasimulia ya kwangu, na asiyetaka kusikia azibe masikio.

Nestory alikuwa mwanangu wa pekee. Baba yake alifariki mtoto akiwa bado anatambaa, nikamlea kwa kahawa na ndizi za kibanja hiki hiki mnachokiona. Akasoma, akawa fundi wa kompyuta huko Mwanza. Sasa nyumba yangu iko bondeni, migomba imeizunguka pande zote, na simu ya kawaida hapa haishiki hata ukipanda juu ya meza. Ukitaka kuongea na mtu lazima upande mpaka barabarani kwa shemeji yangu Gaudiosus, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Yeye ananunua kahawa, ndiye mwenye nyumba kubwa ya ukoo, na kampuni ya intaneti ilikuja ikamfungia modemu sebuleni na antena juu ya bati. Basi kwa muda mrefu nilikuwa nasimama nje, chini ya dirisha lake, nimenyoosha simu juu kama ombaomba, ili nimwone mwanangu.

Krismasi Nesto akanikuta hapo dirishani, mvua inanyesha, nimejifunika ndoo kichwani. Pasaka alirudi na viboksi vitatu vyeupe, kila kimoja ukubwa wa kopo la siagi.

"Mama," akaniambia, "hutasimama tena kwenye dirisha la mtu."

Kimoja akakiunga kwa waya kwenye modemu ya baba yake mkubwa. Cha pili akakiweka kwenye stoo ya kahawa, katikati ya shamba. Cha tatu akakichomeka chumbani kwangu. Akanieleza kwamba vinapokezana mtandao kama watu waliojipanga kupokezana ndoo za maji kutoka mtoni. Lakini kile cha katikati kilimtoa jasho. Majani ya mgomba yana maji, alisema, yanaunywa mtandao wote kabla haujafika. Alikihamisha hapa, taa nyekundu. Akakihamisha pale, nyekundu. Mwishowe akakining'iniza juu kwenye kenchi ya stoo, akapunguza majani ya migomba iliyokuwa mbele yake, taa ikawa ya kijani. Mawe, mama yangu! Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani kaolewa.

Kuna jambo moja tu hakulimaliza. Alitaka kuzima ile waifai ya modemu yenyewe, ibaki hii ya viboksi peke yake, kwa sababu zikiwa mbili nyumba moja zinasumbuana. Gaudiosus akang'aka. "Kijana, hutazima kitu changu ndani ya nyumba yangu. Televisheni yangu iko humo, simu yangu iko humo." Nesto akacheka, akaacha. Zikabaki mbili. Ya modemu ilikuwa haivuki sebule na lile dirisha. Ya viboksi ilijaa shamba zima. Simu yangu ilizijua zote mbili, ile ya zamani na hii mpya, na ikikaribia mojawapo inajiunga yenyewe bila kuniuliza.

Haya. Jumamosi ile Nesto alikuwa amekuja likizo. Alfajiri akawasha pikipiki kwenda Kibingo, kule Kyerwa, kwa wazazi wa binti anayeitwa Natukunda. Wale ni watu wa ng'ombe, sisi ni watu wa ndizi, na mtoto alikuwa na wasiwasi watamwonaje. Alibadilisha shati mara mbili. Nilimtania, nikamwambia akifika asikae karibu na maziwa, atayamwaga kwa kutetemeka. Akasema, "Mama, mchana nitakupigia ya video, nikuonyeshe wakwe zako. Ukae na simu." Natukunda namba yangu alikuwa nayo, tulishasalimiana. Namba ya mtu mwingine wa ukoo huu hakuwa nayo, maana alikuwa hajatambulishwa. Siku hiyo sikutaka kitu kingine duniani ila ile simu ya mchana.

Yaliyofuata niliyajua baadaye, lakini nayasema hapa ili unielewe. Lori la ndizi lilimgonga mwanangu kwenye mteremko, kabla hajafika kwao binti, na simu yake ikapondeka hapo hapo. Mpita njia mmoja, Mungu anamjua na atamuuliza, alimpiga picha amelala barabarani akairusha. Picha ikazunguka Kyerwa, ikaingia Karagwe kwetu, ikatua kwenye group la jumuiya yetu, na chini yake mtu kaandika kwamba tumempoteza kijana wetu Nestory, raha ya milele umpe ee Bwana. Wakaanza kutuma mishumaa na mikono ya kuomba. Mimi lile group nilijitoa zamani, nilichoka na picha za maua kila asubuhi. Kwa hiyo kijiji kizima kilijua, mama mwenye mtoto nimeinama kwenye kahawa.

Gaudiosus alipoona, akampigia mzee Clavery. Huyu ni baba mdogo wa marehemu mume wangu, na ndiye anayetumwa kupeleka taarifa za msiba katika ukoo wetu. Ana utaratibu wake. Mfiwa haambiwi kwa simu. Haambiwi mlangoni. Haambiwi akiwa na njaa. Anapelekwa nyumba kubwa, anakalishwa chini, wanawake wawili wanamshika huku na huku, na ndugu zake wa tumbo moja wawepo. Ni utaratibu mzuri, sikatai. Mume wangu alipofariki niliambiwa hivyo hivyo, na bila ile mikono ya wale wanawake sijui ningekuwa wapi. Ndugu yangu wa tumbo moja ni Eliud, anakaa Nyakakika. Ikabidi Eliud angojwe. Na kabla ya yote, wakasema, mtandao wa Mama Nesto uzimwe, asije akaona peke yake huko bondeni.

Nilikuwa natandaza kahawa kwenye turubai, simu nimeifunga kwenye pindo la kanga. Akaja Auleria, mke wa Gaudiosus, anahema, kandambili mkononi.

"Mama Nesto, tuchomoe kila kitu! Radi inakuja!"

Nikatazama juu. Jua kali, hata wingu la kusingizia hakuna. "Radi ya wapi, Auleria? Au umeanza kunywa rubisi asubuhi hii?"

Huku kwetu radi si mchezo, imeshaua watu na mifugo. Ikinguruma tu tunachomoa mpaka redio, na vioo tunavifunika. Lakini ingurume kwanza! Auleria hakucheka. Alinipita, akaingia chumbani, akachomoa kile kiboksi akakitupa kitandani.

Nikamfuata nikamwonyesha simu yangu. "Ona, mtandao bado upo, umepungua tu. Nesto alinifundisha, kikizimika kimoja simu inashika kingine, kile cha stoo. Unajisumbua bure." Nilisema kwa majivuno, sifichi. Nilifurahi kujua kitu ambacho mke wa mwenye modemu hakijui.

Akaitazama simu kama anaona nyoka. "Niazime basi nipige mara moja. Yangu haina chaji."

"Thubutu! Mwanangu ananipigia mchana. Kamwombe mumeo."

Akatoka mbio. Haukupita muda mtandao ukafa kabisa. Walichomoa cha stoo, wakachomoa na kile cha kwa Gaudiosus. Modemu yenyewe hawakuigusa. Gaudiosus aliihitaji, alikuwa anawajulisha ndugu wa Dar na wa Uganda, na anaulizia jeneza.

Mimi nikasema hapana, napanda barabarani nikajue kulikoni. Nageuka, namkuta mzee Clavery uani. Kijijini kwetu mzee huyu akionekana na koti lake watu huulizana ni nani amefariki. Siku hiyo koti alikuwa amelivua, amelikunja kwapani kama mtu aliyeona joto.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Napita tu. Lakini njaa inaniuma."

Wewe niambie, mzee wa ukoo wa mumeo akikuambia ana njaa, utamwacha uani uende kutafuta mtandao? Nikamtolea kigoda, nikamwekea kahawa ya kutafuna kwenye kisahani, nikawasha moto. Nikamenya ndizi, nikapika na maharage. Na kila nikiinuka kutaka kuchungulia njia, mzee ana neno. Mara ananiuliza mibuni ya upande wa chini ina ugonjwa gani. Mara anasimulia ng'ombe aliyezaa mapacha. Hajawahi kunisemesha hivyo tangu niolewe.

"Baba," nikamwambia, "niwie radhi. Mtandao umekatika na Nesto anapiga mchana. Niruhusu nipande mara moja, nitarudi kukupakulia."

"Kaa, mwanangu. Atapiga tu. Mtoto humtafuta mama yake."

Nikakaa. Nikampakulia. Akala taratibu, yeye ambaye siku zote hula kama mtu anayekimbizwa na mvua. Akaomba chumvi. Nikampa. Akaomba maji. Nikampa. Macho yake yalikuwa mekundu, nikadhani ni moshi wa jikoni kwangu, nikamwomba radhi kwa moshi.

Mimi roho yangu ilikuwa Kibingo. Nilijiambia labda wamemkataa. Labda wamemwambia hatumpi binti mtu asiye na ng'ombe, na sasa mtoto anaona aibu kunipigia. Nikaanza kupanga maneno ya kumtuliza. Nilikasirika na wale watu wa Kibingo hata sijawaona. Nikasema moyoni, mwanangu mkimkataa, mtajuta. Hayo ndiyo niliyokuwa nayawaza huku naosha sahani ya mzee.

Jua limeshapinda ndipo Eliud akatokea, amevaa suruali ya kanisani, siku ya Jumamosi. Hakunisalimia vizuri. "Dada, twende juu kwa Gaudiosus. Kuna kikao."

"Kikao cha nini?"

"Twende tu."

"Nesto yuko wapi?"

Eliud akamtazama mzee. Mzee akalivaa koti. "Amepata ajali kidogo," akasema.

Nilizijua zile ngazi, jamani. Nilishapandishwa. Kwa mume wangu ilikuwa anaumwa kidogo, halafu hali si nzuri, halafu tumwombee. Tulipofika kwenye stoo mzee akasema hali si nzuri sana. Tulipoivuka migomba ya mwisho akasema tumwombee. Nikaona uani kwa Gaudiosus makochi yametolewa nje, yamepangwa kwenye jua. Huku kwetu makochi hayatolewi nje bure. Sikuhitaji mtu aniambie tena. Auleria akanishika mkono wa kushoto, Evaresta, mwenyekiti wa jumuiya, akanishika wa kulia, wakaniingiza kizingitini kama gunia.

Na hapo ndipo simu ilipolia.

Walikuwa wamezima viboksi vyote vitatu, lakini modemu ilikuwa pale kwenye kabati inawaka taa zake, na waifai yake ile ya zamani, ile ambayo Gaudiosus alikataa izimwe. Simu yangu ikaijua. Ikalia, ikalia tena, halafu ikawa inatetemeka tumboni kwangu mfululizo kama kuku aliyefungwa miguu. Chumba kizima kikageuka kunitazama kiunoni.

"Nipe nikuwekee," Auleria akasema, mkono tayari uko kwenye pindo.

"Toa mkono wako!"

Nikaifungua. Pole mama. Pole sana Mama Nesto. Pole, Mungu akutie nguvu. Watu ambao hata sikumbuki niliwapa namba lini. Nikapandisha kwa kidole, pole, pole, pole, mpaka nikafika kwenye jina la Natukunda. Alikuwa amepiga simu ya video. Alikuwa amepiga tena. Simu alizopiga zilijaa kioo chote, na katikati yake maneno.

Mzee Clavery alikuwa ameshasimama mbele yangu, mikono ameikunja. "Mwanangu Adventina, Bwana alitoa na Bwana..."

"Nyamaza, baba."

Watu wakashtuka. Mke wa ukoo hamwambii mzee hivyo. Mimi nilimwambia, na leo nikirudishwa pale nitamwambia tena. Nikasoma kwa sauti, kila mtu asikie.

"Mama shikamoo, ni Natukunda. Nesto kagongwa na gari, tuko hospitali. Yuko macho, anaongea. Anataka kukuona. Pokea."

Nikasoma unaofuata. "Mama, tafadhali washa mtandao. Wanampeleka chumba cha upasuaji, anaomba akuone kwanza."

Halafu, "Mama uko wapi?"

Halafu simu zake nyingine, nyingi. Halafu hakuna kitu. Halafu wa mwisho, "Mama yangu pole. Nesto ametutoka sasa hivi."

Nilitazama saa za kila ujumbe. Ule wa kwanza ulitumwa Auleria ametoka kwangu mbio na radi yake, mtandao ndio kwanza umekufa. Ule wa mwisho ulitumwa mzee ameketi kwenye kigoda changu, anakula.

"Yuko macho," nikasema. Nilirudia, sijui mara ngapi. "Anaongea. Yuko macho. Nani kati yenu aliipigia hospitali?"

Evaresta alianza kulia, Auleria akaachia mkono wangu. Gaudiosus alikuwa ameegemea kabati, karibu na ile modemu yake. Alikuwa ametafuta gari la maiti, ametafuta jeneza, amewapigia ndugu wa nchi mbili. Hospitali hakuitafuta.

"Kwenye group waliandika amefariki," akasema kwa sauti ndogo. "Watu wote walisema. Lisemwalo lipo, shemeji."

"Na kama halipo, laja," nikamjibu. "Mmelingoja mpaka likaja."

Mzee Clavery akakaa chini, pale sakafuni nilipotandikiwa mkeka wangu wa kufiwa. Akasema, "Mwanangu, sikujua. Naapa sikujua, waitu, mtu wetu. Nilitaka usiwe peke yako." Akalia machozi mbele ya wanawake, mzee mzima. Namwamini kwamba hakujua. Sijamsamehe. Hayo ni mambo mawili, na Padre asinichoshe.

Eliud alitaka kunikalisha, nikakataa. Nilibaki nimesimama pale pale, maana niliogopa nikisogea hatua moja mtandao utakatika tena. Nikampigia Natukunda, ya video, mbele ya wote. Akapokea mara moja. Hatukuwahi kuonana ana kwa ana, mimi na yule mtoto. Alikuwa amekaa sakafuni kwenye korido, kitenge chake kina damu mpaka magotini, na aliponiona akaziba mdomo.

Nikamuuliza aliumia sana? Akasema sana. Nikamuuliza, alikasirika kwamba sipokei? Akatikisa kichwa. Nikamuuliza alisema nini, aniambie yote, asinipunguzie hata neno.

"Hakusema mengi, mama," akaniambia. "Aliniambia nimshikie simu mbele ya uso. Ikiita mpaka inakatika, mimi nalia, yeye ndiye ananibembeleza. Anasema, piga tena. Mama yuko kwenye kahawa, ameshaisikia, anakuja."